Jogoo wa pasi yangu yuko ku gita

Mama Adélaïde,

Ni wewe uliniambia leo asubuhi ukienda kazini: "Mama, gita ya umeme ya mwanao naiuza ku soko ya Gatumba. Ya bei rahisi, kelele tupu, inaamsha mutoto." ~~Iuze.~~ Apana, ngoja kwanza.

Maharagwe yako ku mbabula, jiko letu la makaa, ongeza maji. Pasi ya makaa ishike polepole, kifuniko nimekifunga na waya. Mwanangu Aloys amekata yule jogoo wa shaba aliyekuwa anakifunga! Kibati kinachobeba nyuzi za gita kilikuwa chepesi, kikitetemeka, ndiyo ile kelele ya nyuki akiiunganisha ku radio. Amempiga jogoo tupa mpaka saa nne, akamchonga mifereji sita, akamweka pale.

Nikamuuliza: "Na mimi pasi nitaifunga na mudomo?"

"Sikiliza kwanza, mama."

Nilikasirika, pasi hiyo nilipewa siku ya ndoa yangu. Lakini nyuzi zimelia safi, hakuna nyuki. Mutoto wako Adélaïde alikuwa analia sababu ya meno. Wimbo wa pili haukuisha, akalala. Usiiuze.

Nimeenda sokoni. Ingia polepole, baba yake naye amelala, gita ku tumbo.

Bibi