Shokapu Mbili za Nyuma, kwa Ajili ya Baba

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, ile mvua isiyotaka kunyesha wala kuacha. Magomeni yote tope, na moyo wangu nao hivyo hivyo.

Niseme ukweli kwanza, maana ni hapa tu ninapousema: ile gari niliiharibu mwenyewe.

Masika yaliyopita maji ya Jangwani yaliingia mpaka kwenye pedeli. Nikafanya wanachofanya watu wa Bongo wenye vigari vya chini, nikaenda Buguruni kuinyanyua. Fundi akachomeka raba ngumu katikati ya mizunguko ya springi za nyuma, gari ikapanda, na mimi nikapanda kichwa. Napita dimbwi natabasamu peke yangu kama bibi harusi. Sikujua kwamba raba ile inaibana springi isicheze, kila shimo linapiga moja kwa moja kwenye kiti. Shokapu zenyewe, zile za kutuliza mtikisiko, zilikuwa zimechoka tangu nainunua, sasa zikafa kabisa.

Kwangu haikuwa shida. Mimi ni mzima.

Kisha Baba akaletwa kutoka Lindi na mgongo wake. Kliniki yake iko Upanga, kila baada ya wiki mbili, Alhamisi. Anakaa nyuma kwa sababu huko ndiko anakoweza kujilaza nusu kwenye mito. Ugonjwa wenyewe una jina refu, sisi nyumbani tunauita mgongo, na hapa nitauita hivyo hivyo. Safari iliyopita, wakati wa kurudi, tulipiga shimo dogo, dogo kweli, na Baba akapiga yowe. Baba! Mtu aliyeendesha malori ya kusini enzi barabara ni tope tupu, anakwama siku tatu na bado anakuja nyumbani na utani. Sijawahi kumsikia vile. Nilisimamisha gari pembeni nikageuka kumtazama.

Tulipofika akasema, "Somoe, gari yako itaniua. Sipandi tena mpaka uitengeneze."

Nikasema basi tukodi teksi. Hataki. Bajaji ndiyo kabisa hataki. Ni gari yangu, ikiwa imetengenezwa, au haendi. Na kliniki ni keshokutwa.

Kwa nini nisimpelekee fundi? Kwa sababu fundi ndiye aliyeniapia kwamba raba haina neno. Na kwa sababu kosa ni langu, nilitaka mikono inayochafuka iwe yangu. Sijawahi kufungua kitu chochote kwenye gari zaidi ya boneti. Wiki mbili sasa naangalia video mpaka macho yanauma, na daftari limejaa.

Nimeamua kugusa nyuma tu. Mbele, springi na shokapu vimefungwa pamoja, springi ikikuponyoka inaweza kukung'oa taya, hiyo nawaachia wenyewe. Nyuma springi iko peke yake. Unalegeza nati za tairi gari ikiwa bado chini, unaweka mawe kwenye matairi ya mbele, unapiga jeki, unaweka stendi za chuma chini ya gari, jeki ya pili inashikilia ekseli. Unafungua bolti ya chini ya shokapu, nati za juu, kisha unashusha ekseli polepole mpaka springi itoke na raba zake za laana. Hiyo bolti ya chini imeshika kutu, kwa hiyo naimwagia mafuta asubuhi na jioni, dozi kabisa. Jumapili nilifanya jaribio la kutoa tairi moja. Jirani yangu Mama Nasra akasimama na ndoo yake kichwani, "Makubwa! Somoe, ukiolewa huyo mume atafanya kazi gani?" Nikamwambia atanishikia tochi. Tukacheka sana, hadi Baba akachungulia dirishani.

Leo nikaenda Kariakoo, kule mtaa wa Gerezani kwenye maduka ya spea. Aisee. Ukiwa mwanamke unatafuta shokapu, kila duka swali ni moja: "Fundi wako yuko wapi?" Ndivyo biashara inavyokwenda, fundi ndiye anayechagua na fundi ana chake humo ndani. Kijana mmoja akaninyooshea mkono, "Sista, nipe namba ya fundi niongee naye." Nikamwambia fundi ni mimi. Akaangalia viatu vyangu, akaenda kuhudumia mtu mwingine.

Duka la nne alikuwepo mzee wa Kiarabu nyuma ya kaunta, anakunywa kahawa. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba binti." Nikampa picha na namba ya chesesi. Hakuniuliza fundi. Aliuliza, "Nyuma anakaa nani?"

Nikasema, "Baba. Anaumwa."

Akarudisha boksi alilokuwa ameshashika, akaingia ndani, akatoka na jingine. Akasema hizi ni laini zaidi, hazitanifaa nikibeba mzigo, ila mgonjwa zitamfaa. Nilipomweleza habari ya zile raba, springi pia akanichagulia mpya. "Na zile raba ukizitoa usimpe mtu. Tupa." Nilitaka kulia pale pale kaunta, kwa kitu kidogo hivyo. Nilitembea kurudi kwenye gari na maboksi yangu nimeyakumbatia, mvua inaninyeshea, na kwa mara ya kwanza tangu Baba aje nilihisi kuna kitu nakiweza.

Alasiri nikamwekea Baba shokapu moja mapajani. Akaishika kidereva, akasukuma ule mti wake wa chuma ukazama, akaachia, ukapanda taratibu. "Nzuri hii," akasema. "Umechagua vizuri." Nikaanza kumweleza mpango wote, jeki, stendi, kesho asubuhi naanza, mchana nimemaliza. Nilikuwa naongea kama cherehani. Yeye anasukuma, anaachia.

Kisha akasema, "Mwanangu, siyo gari."

Sikumwelewa.

"Hata kitandani naumia hivyo hivyo. Wiki ya tatu sasa. Nikilala chali, nikigeuka, hata nikikohoa. Siku ile shimo lilinikuta tayari naumia tangu tunatoka hospitali."

Nikamuuliza kwa nini basi alisema gari. Akaiweka shokapu pembeni, polepole. "Ulikuwa unanitazama sana usoni. Nikaona bora nikupe kitu kinachotengenezeka."

Nilikasirika. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilimkasirikia mgonjwa. Wiki tatu anaumia chumba cha pili na mimi niko bize na video za springi. Nilimwinukia, nikamwambia amenidanganya, nikatoka nje nikasimama kwenye manyunyu mpaka Mama Nasra akaniita niingie.

Nikarudi. Nikamwomba msamaha. Nikamuuliza kama Alhamisi atakwenda.

"Nitakwenda. Nitamwambia daktari yote, na wewe utakaa humo humo ndani usikie."

Sasa amelala kidogo. Maboksi yako mlangoni, spana ziko juu ya gazeti, daftari liko wazi kwenye ukurasa wa kwanza. Kesho nitapiga jeki kama nilivyopanga, kwa sababu Alhamisi tunakwenda Upanga na barabara ni ile ile.

Mpaka leo asubuhi nilikuwa naogopa bolti isije ikagoma. Sasa naogopa ikilegea. Gari ikishakuwa laini, na Baba bado anauma meno kwa maumivu kule nyuma, nitalaumu nini?