Nani Ataitika Harowa?

Jumatano. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na Garissa yote imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Ofisi imefungwa lakini bado nimekaa kwenye meza yangu. Sitaki kwenda nyumbani kwanza.

Mimi ni karani wa vizazi na vifo. Anayezaliwa namwandika mimi, anayekufa namwandika mimi. Majina ya mahali nimeshayazoea. Akina Madina na Makka hata siwahesabu, na mwezi jana baba mmoja wa Galbet alimwita mwanawe Nairobi, ati mtoto apate hamu ya kufika huko. Nilicheka mpaka mtoto wangu tumboni akanipiga teke.

Kwa Harowa sicheki tena.

Harowa kilikuwa kijiji, mbele ya Kotile. Kisima kiligeuka chumvi kabla sijazaliwa, watu wakahama wote, wengi wakaja huku mjini. Tangu mwaka uanze nimeandika watoto watatu wa jina hilo, wa familia tatu tofauti. Wa kwanza alipokufa, wiki hiyo hiyo wa pili akaletwa. Wa pili alipokufa, akaletwa wa tatu. Hakuna aliyefikisha siku arobaini. Nilijiambia ni bahati mbaya tu, watoto wachanga hufa jamani.

Leo bibi yake yule wa tatu akaja kuripoti kifo. Mama mfupi mwenye ushungi wa buluu, na hakulia. Wenzake aliokuja nao walimwita Ayeyo, yaani bibi, nami nikamwita hivyo. Nikamuuliza, Ayeyo, kwa nini mnaendelea na jina hili?

"Mji hawezi kaa beke yake," akasema. "Lazima mtu moja naitwa jina yake. Kama hakuna mtu, mji natafuta."

Kisha akaangalia tumbo langu, la miezi minane sasa, akataka kujua nilizaliwa wapi. Nikamwambia Kotile, mama alikuwa mwalimu huko. Akanikagua usoni muda mrefu.

"Wewe mtoto ya mwalimu," akasema. "Walahi, umerudi."

Alipotoka nikampigia mama simu kule Mwingi. Nilipotaja Harowa tu, akaniuliza kama nimekula. Mama yangu huyu, asiyejua kuzungusha maneno! Mwishowe akasema mkunga aliyemzalisha nilipozaliwa alikuwa mtu wa Harowa, na ndiye aliyenipa jina hilo. Yeye na baba waliona ni jina zuri tu. Nikaugua, nikakataa kunyonya. Siku ya tisa baba akasema jina libadilishwe, nikawa Mwende. Jioni ile ile nikanyonya.

"Binti wa mkunga alikuwa amejifungua wiki hiyo," mama akasema. "Wakampa mtoto wao jina hilo."

Nikauliza mtoto huyo yuko wapi siku hizi.

"Mwende, hilo usiniulize." Akakata simu.

Miaka thelathini na moja nimekula, nimelala, nimeolewa, na sikujua ni nani aliyenibebea jina hilo.

Sasa nikiri jambo ambalo mume wangu sitamwambia, maana ataniambia nimeanza ushirikina. Tangu saa tano asubuhi, kila nikitamka jina hilo mtoto anageuka tumboni. Si teke. Anageuka, kama mtu aliyeitwa. Nimejaribu Madina, nimejaribu Kotile, nimejaribu jina la baba yake. Hageuki.

Naogopa. Naogopa vibaya sana.

Ayeyo ameenda na cheti cha kifo mkononi, na leo hakuna mtu hai anayeitwa Harowa. Wiki hii mwanamke mwingine ataleta mtoto mbele ya meza hii, nami nitamwandika huku nikijua. Au watangoja wangu.

La. Mtoto wa siku arobaini atabebaje mji mzima? Mimi ni mtu mzima, mgongo ninao, na jina lilikuwa langu kabla halijawa la hao wengine. Kesho asubuhi naenda kwa wakili kuapa, nilichukue tena. Si Mwende Harowa. Harowa peke yake.

Nimelisema sasa hivi kwa sauti, humu ofisini nikiwa peke yangu: "Harowa ni mimi."

Mtoto hakugeuka.

Aliyegeuka ni mimi, kuangalia nani ameniita mlangoni.