Mkono Unaolia

Mama, shikamoo kutoka Jinja.

Mvua haikatiki, na mbao za kozi yetu ya useremala zimekwama Mbale. Situlii, mama. Nanoa patasi iliyokwisha kunolewa.

Jana mwalimu wetu Mjapani, Bwana Kenji, alizunguka karakana huku na huku, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Mkono wangu unalia." Mama Nabirye, anayetupikia, akakimbilia dawa ya kuchua. "Pole bwana! Leta mkono, mimi nachua." Akaukamata, akauchua kwelikweli, Kenji akicheka mpaka machozi. Alipopata pumzi akatueleza: kwao, fundi mwenye hamu ya kuonyesha ujuzi wake husema mkono unalia, kama kengele.

Tangu hapo namuwaza baba. Tulimfichia randa eti apumzishe moyo, sasa anagonga meza kwa vidole mchana kutwa, nasi tunampa vidonge. Mama, mrudishie randa yake. Achonge hata mwiko.

Nakukumbatia. Na baba mbusu kwa niaba yangu, palepale kwenye mkono wake wa kulia.

Mwanao,
Zuhura