Milango Kumi na Moja ya Jikoni kwa Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani.
Jumanne, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. U mzima? Shemeji hajambo? Baridi ya huko imekuachia pua? Sisi wazima, ila mimi nimevimba kwa hasira, na aliyenivimbisha ni wewe. Salamu zimeisha, sasa sikiliza.

Milango ya kabati za jikoni nimeitengeneza mwenyewe, yote kumi na moja. Nimeipiga msasa mpaka nzi akitua anateleza. Shule niliikimbia, lakini mbao zinanijua.

Nyuma ya mlango mmoja nilipaka mistari mitatu: vanishi tupu, rangi ya asali, rangi ya kahawa. Nikamwita Mama achague. Unajua macho yake siku hizi, jikoni anapapasa. Akaweka kidole kwenye vanishi tupu, akasema, "Huu nauona." Basi, nikajua tumemaliza.

Kumbe Kaka, Bwana Mipango wetu, kakutumia picha. Na wewe, hujashika brashi tangu uzaliwe, ukajibu, "Kahawa! Ndiyo fasheni." Nani alikuuliza? Nimetoka kununua vanishi, narudi nakuta Kaka kaipaka yote kahawa! Tena bila kuziba kwanza vitundu vya mbao. Msonobari umeinywa rangi kama mlevi, huku nyeusi, huku madoa. Ndizi iliyosahaulika ina afadhali.

Namuuliza, ananijibu, "Dada kapenda. Wewe fundi wa juzi unajua nini?"

Fundi wa juzi! Mimi!

Jana Mama kajigonga paji la uso kwenye mlango ulioachwa wazi. Hakuuona, Dada. Jiko lenyewe dirisha moja. Nikachukua msasa nianze kuikwangua, akanishika mkono. "Acha. Mwanangu kaichagua akiwa mbali, usimvunje moyo." Ana nundu kama yai, na bado anaulinda moyo wako!

Mimi hanisikii. Mpigie wewe, mara tu upatapo barua hii. Nundu usiitaje. Sema kahawa imekuchosha, sema fasheni imebadilika, kudanganya hujambo. Akikubali tu, naikwangua yote, Kaka apende asipende.

Wasalimie mapacha na Shemeji. Kaka naye anakusalimu, nimezibeba salamu zake shingo upande. Mungu akulinde, akuongezee na haya kidogo.

Mama kapita hapa sasa hivi, kauliza nakuandikia nini. Nimemwambia nakushukuru kwa rangi. Kafurahi mno.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Mdogo wako, Fundi