Mafaili Ambayo Mfumo Hauyajui

Kwa Kaka,

Shikamoo. Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu baada ya kimya chote hiki. Mama ameniambia mgongo unakusumbua. Natumaini umepata nafuu, na Shemeji na watoto ni wazima. Mimi sijambo, ila roho iko juu juu. Nataka kuoa, Kaka, na neno lako ndilo limebaki.

Ni mwenzangu kazini. Tunamwita Ngoja Kwanza, maana hayo ndiyo maneno yake kutwa. Sisi tunaandika programu za kompyuta za hospitali, na kazi yetu inatunzwa na mfumo unaokumbuka kila badiliko. Lakini faili ambalo hujauambia ulifuatilie haulijui, na likifutwa ndiyo basi tena. Majuzi mwenzetu mmoja alilazwa hospitali, bosi akaagiza kompyuta yake isafishwe apewe mtu mwingine. Alisema kila kitu kimeshatunzwa. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kufuta, Ngoja Kwanza akaniambia nitoe mkono, tuyaorodheshe kwanza mafaili ambayo mfumo hauyajui.

Nilinung'unika kwamba ni takataka tupu. Na kweli mengi yalikuwa takataka, lakini aliyafungua moja moja, bila haraka, kama anachagua mchele. Humo akakuta hesabu za dozi za dawa za watoto, kazi yote ya yule mwenzetu aliyelazwa, aliyosahau kuiingiza kwenye mfumo. Nilishika kichwa. Yeye wala hakujisifu. Aliiingiza, akaenda kunywa chai. Kaka, yule mwanamke ana akili iliyotulia, sijaona mfano wake.

Sasa nikwambie ukweli. Nilipomwomba tuoane, hakusema ndiyo. Aliniuliza ni nani nyumbani asiyejua habari zetu. Nikamtajia Mama na Shangazi. Akasema hao wanajua, yeye anauliza wasiojua. Ikabidi nikutaje wewe uliyenilea, ambaye hatujasemezana tangu nilipoikimbia gereji yako. Nilikusudia uje usikie tukishaoana. Akasema ngoja kwanza, yeye haolewi na mtu anayemfuta kaka yake.

Niliona aibu, Kaka, na nimekukumbuka sana. Nijibu, hata kama ni kunigombeza. Ukiweza, njoo umwone mwenyewe.

Msalimie Shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako, uliyemfundisha kushika spana.