Mbegu za Mti wa Baba Mkwe

Jumatatu, Tukuyu. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, manyunyu yanakuja na kupita. Usiku sikulala vya kutosha, mdogo anaota meno. Macho yananiwasha. Hata hivyo nimeshuka mpaka huku mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu, kwenye kompyuta za kulipia, mtoto mgongoni, kwa sababu nina jambo la kuandika na nyumbani nimeshalisema mpaka wamechoka kunisikiliza.

Leo najivunia nafsi yangu.

Huko nyuma niliandika hapa bloguni kuhusu kifabakazi, ule mti mkubwa ulio mbele ya nyumba yetu Lupepo. Sisi tunauita mti wa maji, maana watoto hubinya matumba ya maua yake yakarusha maji wakalowana. Ukichanua unakuwa mwekundu wote, mtu anauona tangu barabarani. Baba mkwe aliutoa misheni ukiwa mche, akaupanda mwaka aliozaliwa mume wangu. Ni mti wake, na anautunza kama ng'ombe.

Mwalimu mmoja Mtanzania, anayefundisha kwenye visiwa vya mbali baharini, aliisoma habari ile akaniandikia. Alisema kule mti huo uliletwa kupamba bustani, halafu upepo ukachukua mbegu. Sasa umeingia msituni na unafunika miti ya kwao ambayo haioti mahali pengine popote. Ukiukata unachipua tena. Yeye na wanafunzi wake wanang'oa miche kila muhula na haiishi. Alibakiwa na faraja moja: kwenye kisiwa kidogo cha jirani bado haujafika.

Nilisoma, nikasikitika, nikarudi kuchuma chai.

Kisha shemeji yangu Lusekelo, mdogo wa mume wangu, akaja likizo. Anafanya kazi kwenye bustani ya hoteli huko huko visiwani. Nilijua hilo, ila sikuwahi kuuliza ni kisiwa gani. Alipotaja jina nilikuwa namenya ndizi, nikaacha kisu. Ni kile kidogo. Na amekuja kuchukua mbegu za mti wa maji, bosi wake anataka kuupanda kuanzia getini mpaka ufukweni.

Nikamweleza yote. Akacheka.

"Shemeji, hili ni soko huria. Mmoja anataka, mwingine anacho. Wewe unaleta siasa za miti?"

Nikasema siyo siasa. Akasema basi, kama nina neno, nikamwambie mwenye mti.

Alijua anachosema. Kwetu Wanyakyusa mkwe wa kike hasemi na baba mkwe. Tunaita kutila, ni heshima na woga pamoja. Simtazami usoni, simtaji jina, nikimwona anakuja njiani napinda naingia migombani. Wenzangu wa mjini wameshaacha. Mimi sijaacha, kwa sababu mzee mwenyewe hajaacha, na ni mtu mwema. Tangu niolewe hajawahi kusikia sauti yangu ikielekezwa kwake.

Jumamosi mzee aliegemeza ngazi, akapanda, akaangua maganda makavu. Lusekelo akawa anayapasua anajaza kiroba. Ukiziona zile mbegu, kila moja ina utando mwepesi kama ganda la kitunguu. Ukipumua tu zinaondoka. Nilikuwa nimejificha migombani, nazitazama zinavyoruka hata kabla hazijasafiri, nikawawaza wale watoto wa shule na miche yao.

Mume wangu yuko mgodini Kiwira, hakuwepo wa kunisemea. Nikamwita Atupele, binti yangu mkubwa, nikamnong'oneza maneno marefu ya adabu: kwamba mama anamheshimu babu, kwamba anaomba radhi kwa kuingilia, kwamba kuna mwalimu ameandika. Akakimbia.

"Babu, mama anasema mbegu zisiende."

Basi. Adabu zangu zote aliziacha migombani.

Mzee akashuka ngazi taratibu.

"Muulize mama yako, mti umemkosea nini."

Nikamwambia Atupele aseme hivi: mti hauna kosa, hapa uko na majirani, miti mingine inayouweza. Kule hakuna anayeuweza. Kule ni kama milingoti pale kwenye chemchemi.

Hiyo milingoti, wengine huiita mikaratusi, aliipanda yeye mwenyewe ujanani, wakati watu walipohimizwa kupanda miti inayokua haraka. Ikakua haraka kweli, ikanywa maji mpaka chemchemi ikabaki tope. Yeye ndiye aliyeongoza watu kuikata, na mpaka leo kila mvua zikianza anakwenda na panga kukata machipukizi.

Atupele akafika nusu ya njia, akaona kipepeo. Nikajua neno la milingoti limepotea.

Nikatoka migombani. Nikageuza uso pembeni, lakini sauti niliitoa yote.

"Milingoti, baba. Ile ya chemchemi."

Lusekelo aliacha mdomo wazi. Mzee alitazama kiroba, kisha akamwambia mwanawe aondoe ngazi.

"Nimeshawaahidi watu, baba."

"Wapelekee chai."

Mzee akaubeba mwenyewe mfuko mpaka jikoni, akazimwaga mbegu motoni. Ziliwaka mara moja, hata jivu sikuliona. Alipotoka akasimama karibu na Atupele, mgongo ameugeuzia kwangu.

"Mwambie mama yako nimesikia. Na mara nyingine aseme mapema, kabla sijapanda juu."

Jana mume wangu alikuja kutoka Kiwira, habari imeshamfikia. Aliuliza kitu kimoja tu, kama ni kweli nilipaza sauti. Nikasema ndiyo. Akamchukua mdogo akambembeleza mpaka nikalala kidogo mchana. Sijui kama kuna jibu zuri kuliko hilo.

Asubuhi ya leo Lusekelo ameondoka na pakiti za chai, amenuna kidogo. Ameniambia nimemshinda nyumbani kwao. Nikamfungia ndizi za njiani.

Mama mkwe naye amenikalisha chini. Anasema nimevunja kutila mbele ya watu, lazima nipeleke kuku, watu wasije wakasema nyumba hii haina mila. Alisema kwa ukali, ila alikuwa anauma midomo asicheke.

Ni sawa. Kuku nimeshamchagua, jike mwekundu, mnono kuliko wote. Kesho nitampeleka kwa mikono miwili, nitapiga magoti nje ya mlango na kuinamisha macho. Mzee anastahili.

Lakini kuku huyo ni wa sauti tu. Maneno yenyewe siyaombei radhi.