Mpaka Apatikane Mtu

Kijijini, karibu na Laela
6 Machi 1977

Mpenzi Mama Martha,

Salamu kwako, kwa mtoto, na kwa shemeji Andwele anayewatunza hapo Mbeya. Mimi nipo, ila vumbi la unga limenikaa kifuani.

Notisi nimeshaipeleka. Mwenyekiti wetu, Mzee Wilibrodi, kaisoma mara mbili, kavua miwani, kasema, "Fundi, kuondoka ni haki yako. Utatupa miezi mitatu, na kabla hujaenda utufundishie mtu wa kushika mashine ya kijiji." Nikasema sawa. Kusaga mahindi siyo kurusha ndege, nani atashindwa kujifunza? Wamenipa kijana anaitwa Beda. Waambie wale wa karakana ya reli wanishikie nafasi, mwezi wa sita niko hapo. Uliondoka hapa na mimba, na mtoto sijamtia machoni mpaka leo. Inatosha.

Mumeo,
Baba Martha

Mbeya
19 Juni 1977

Baba Martha,

Sisi wazima, mafua ya mtoto yamepita. Kifua chako kinaendeleaje?

Mwezi wa sita ndio huu unakwisha. Jumamosi iliyopita nilisimama stendi na mtoto mgongoni, nikimkagua kila anayeteremka basi la Sumbawanga, mpaka utingo akaniuliza nimepoteza nini. Huyo Beda kajifunza au hakujifunza? Msimamizi wa karakana anasema nafasi anaishikilia kwa heshima ya kaka Andwele tu, na yeye ana wakubwa wake.

Martha anasimama kwa kushika stuli. Jana kamwita kaka "baba". Watu wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Mkeo,
Mama Martha

Kijijini
10 Julai 1977

Mama Martha mpenzi,

Pole kwa stendi. Barua yako niliisoma nikaikunja, nikashindwa hata kula. Kikohozi kipo, na baridi ya huku mwezi huu unaijua mwenyewe.

Beda alitoroka kwenda Chala kwa mjomba wake. Wakaniletea Zenon, mwepesi kweli wa akili, lakini kila nikimwacha peke yake mashine haiwaki. Mzee Wilibrodi akasema, "Basi fundi, notisi iendelee mpaka apatikane mtu." Na sasa ni mavuno, watu wanapanga foleni na mahindi toka alfajiri.

Juzi nimetoka kutafuta dizeli, nikarudi mapema. Nakuta mashine inanguruma, unga laini, Zenon anaimba! Nikamwambia, we kijana, kumbe unajua, mbona unanitesa? Akasema, "Fundi, usinichukie. Wewe mgeni, una familia Mbeya, na bado hawakuachii. Mimi wa hapa hapa nikisema najua, nani atanitoa? Nataka kwenda kusomea udereva." Nilikaa juu ya gunia. Angekuwa mwongo ningemchapa kofi, lakini kasema kweli.

Nimechoka, mke wangu. Kama nafasi ya reli imekwenda, niambie nichane notisi. Nibaki huku na mshahara huu huu, tujue moja.

Mumeo,
Baba Martha

Mbeya
14 Agosti 1977

Baba Martha,

Tunaendelea. Kunywa maji ya moto kwa hicho kifua, usiseme nitakunywa kesho.

Huyo Zenon ana haki ya kuogopa. Basi fundisha wawili, kila mmoja ajue mwenzake yupo. Na mbona mnatafuta wavulana peke yao? Bertilla, yule mjane aliyekuwa akikusaidia kushona mkanda wa mashine ukikatika, hana pa kwenda na mikono anayo. Mwite. Mambo ya karakana niachie mimi, wewe toka huko kwanza.

Mkeo,
Mama Martha

Kijijini
11 Septemba 1977

Mama Martha wangu,

Salamu, na leo hata kikohozi sikisikii!

Bertilla kajifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi. Zenon alipoona hivyo, mashine ikaanza kuwaka yenyewe. Mkutano wa kijiji umekubali washike kwa zamu, na Mzee Wilibrodi ametia sahihi. Makabidhiano yamekwisha, nyumba ya fundi anaingia Bertilla. Namalizia mwezi, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi napanda basi. Mwambie msimamizi, Jumatatu niko mlangoni kwake na ovaroli yangu.

Mumeo,
Baba Martha

Mbeya
20 Septemba 1977

Baba Martha,

Hatujambo, na nimefurahi mpaka nimelia. Sasa kaa chini usome.

Nafasi haipo. Walimpa mtu mwingine mwezi wa saba, kabla barua yako haijanifikia. Msimamizi aliniambia mlangoni, hata kuingia ndani sikuingia. Ulisema nikuambie ikienda, nami nikanyamaza makusudi. Ningekuambia, ungeichana notisi siku ile ile, halafu tungeanza tena: barua, miezi mitatu, mpaka apatikane mtu. Nimesubiri sahihi itiwe ndipo nikuandikie, usiwe na pa kurudi.

Kazi hatuna. Kaka anasema kuna mtu Uyole ana mashine mbovu anatafuta fundi, labda ni kweli, labda ananifariji. Mimi nauza vitumbua, hatujalala njaa. Martha anatembea, na kila mwanaume anayepita barabarani anamwita baba.

Ukikasirika, kasirika, una haki. Lakini panda basi.

Mkeo,
Mama Martha